Miguu miwili ya farasi ina rangi nyingine: nifumue?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Uingereza, huu mwaka wa nne. Nimejiunga na kikundi cha kujitolea kinachodarizi upya, kwa mkono na kwa kipimo kile kile, sehemu ya kitambaa cha Bayeux. Tunakutana Alhamisi katika ukumbi wa kanisa. Mimi nimekulia Lamu kwenye kazi ya kofia, kwa hiyo mkono wangu ni mwepesi, na nilipewa farasi mzima. Kwenye mchoro miguu yake miwili ilikuwa ya rangi nyingine kabisa na mwili. Nikaona aliyechora amekosea, nikaijaza rangi ya mwili. Kiongozi wetu akaniambia nifumue. Akaongeza kwamba mishono yangu ni midogo mno. Nimeudhika, sikufichi. Kwa nini tunakili hata makosa? Na ikiwa kinachotakiwa ni picha, mashine si ingemaliza kwa siku moja? Mwisho, wenzangu wanabishana kama turuhusiwe kutia majina yetu. Wewe waonaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fumua.

Najua neno hilo linavyouma. Bibi yangu hakuwa hata akilitamka. Alikuwa akichukua kofia yako, anaigeuza ndani nje, anaitazama kimya, kisha anasogeza wembe mkekani hadi mbele yako. Basi, umeshajua. Lakini sitakuacha na amri tupu, maana umeuliza mambo ya maana, na hilo la miguu ya farasi limenifurahisha kuliko ulivyokusudia.

Kwanza niwaweke sawa wasomaji wengine. Kitambaa cha Bayeux ni ukanda wa kitani wenye urefu wa mita 68 na ushei, na kimo cha nusu mita hivi, uliodariziwa kwa nyuzi za sufu katika karne ya 11. Unasimulia jinsi William, mtawala wa Normandy, alivyovuka bahari mwaka 1066 na kumshinda Harold, mfalme wa Uingereza, katika vita vya Hastings tarehe 14 Oktoba. Hati ya kwanza tuliyo nayo inayokitaja ni orodha ya mali za kanisa kuu la Bayeux, kaskazini mwa Ufaransa, ya mwaka 1476. Wataalamu wengi wanaamini kiliagizwa na Askofu Odo, ndugu wa William kwa mama, na kwamba kilishonwa Uingereza, pengine Canterbury. Jina lake la Kizungu linakiita kama vile ni kitambaa kilichofumwa pamoja na picha yake kwenye kitanda cha mfumi. Sivyo. Kitani kilifumwa kwanza, kikiwa kitupu, na picha ikaingia baadaye kwa sindano, kama unavyofanya wewe.

Sasa farasi wako. Angalia farasi wengine katika kitambaa hicho, si yule wako peke yake. Utaona wa bluu mwenye miguu miwili myekundu, na wengine wenye michanganyiko ya kukushangaza zaidi. Tazama ni miguu ipi. Karibu kila mara ni ile ya upande wa mbali, iliyo ng'ambo ya tumbo. Watu wale hawakuwa wakichora vivuli. Walikuwa na sufu ya rangi kumi hivi, kila moja imekaa bapa, bila kukolea huku na kufifia kule. Walitaka jicho lijue mara moja mguu upi uko karibu na upi umejificha nyuma, kwa hiyo wakabadilisha rangi. Hakuna aliyedhani farasi ni wa bluu. Rangi pale haikuambii ngozi ya farasi ilivyo. Inakutenganishia kitu na kitu. Nenda kwenye zile sehemu ambazo wapanda farasi wamesongamana wakikimbilia vitani, miguu imepishana kama mikoko wakati wa maji kupwa. Jaza yote rangi moja, halafu ujaribu kuniambia mguu upi ni wa nani.

Kwa hiyo hukusahihisha kosa, ulifuta sarufi yao. Sikulaumu, maana jicho lako limefunzwa na picha za kamera kama macho yetu sote.

Lakini tuseme lingekuwa kosa kweli. Bado ningekuambia unakili, na sababu yangu ni neno moja lenye herufi mbili. Juu ya picha kuna maandishi ya Kilatini yanayoeleza kinachotokea. Pale wanapochimba ngome Hastings, Kilatini safi kingetaka neno *ad*. Kitambaa kinasema *at*. Hilo ni neno la Kiingereza, limepenya katikati ya Kilatini kama Mswahili anayehutubia kwa Kiingereza na ghafla akasema "sasa". Mahali pengine jina la Gyrth, ndugu wa Harold, limeandikwa na herufi ya Kiingereza cha kale ambayo Kilatini hakina. Vitu vidogo namna hii ni sehemu ya ushahidi unaowafanya wataalamu waseme kwamba mikono iliyofanya kazi hii ilikuwa ya Waingereza, watu walioshindwa wakiidarizi hadithi ya kushindwa kwao. Angetokea mnakili mwenye Kilatini kizuri na moyo wa kusaidia, angesahihisha *at* kuwa *ad*, nasi tungebaki na kitambaa kisichotuambia lolote kuhusu aliyekishona.

Na wanakili wenye moyo wa kusaidia wapo. Ukipata nafasi panda treni uende makumbusho ya mji wa Reading. Huko kuna nakala kamili iliyodariziwa mwaka 1885 na 1886 na wanawake 35 wa chama cha kudarizi cha Leek, mji mdogo wa Staffordshire. Kiongozi wao alikuwa Elizabeth Wardle. Mumewe, Thomas Wardle, alikuwa mtia rangi wa hariri, na ndiye aliyewapatia sufu iliyotiwa rangi za mimea. Nakala ni nzuri sana, nami nimesimama mbele yake mara nyingi. Ila ukifika kwenye mapindo, yale mistari ya juu na chini yenye ndege na wanyama na vituko, utakuta wanaume ambao katika kitambaa cha Bayeux wako uchi wa mnyama, na huku Reading wamevaa chupi. Wanawake wa Leek wamesingiziwa haya kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba wao walifuata picha za kamera walizoletewa kutoka makumbusho ya South Kensington ya London, na ni huko ndiko watu walikosetiriwa kabla ya picha kutolewa. Wanawake wale walinakili kwa uaminifu kabisa kitu ambacho mtu mwingine alikuwa amekwisha kukisahihisha. Leo mgeni wa Reading anaziangalia zile chupi na kujifunza mambo mengi kuhusu Uingereza ya Malkia Victoria, ila kuhusu karne ya 11 haambulii kitu.

Miguu uliyoijaza ni chupi hizo hizo, mwanangu.

Hili la mishono midogo ndilo lililokuumiza zaidi, naona, kwa sababu limegusa mkono uliorithi. Mkono wa kofia hauna lawama, ila umepelekwa kwenye kazi isiyo yake. Kofia ya viua ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Inatazamwa kwa karibu, inafuliwa, inatiwa wanga, inafuliwa tena. Kila kitundu kinapaswa kusimama peke yake bila kuregea. Ukanda wa mita 68 unatazamwa na mtu aliyesimama hatua kadhaa mbali, na hakuna aliyetarajia kuufua. Wao walihitaji kujaza maeneo makubwa, tumbo la farasi, tanga la jahazi, joho la mfalme, haraka na bila kupoteza sufu.

Njia yao ilikuwa hii. Unavuta uzi mrefu kutoka ukingo mmoja wa umbo hadi mwingine, ukifika ng'ambo unaizamisha sindano, unachota kitani kidogo tu, unaibuka papo hapo kando na kurudi ulikotoka. Unaendelea hivyo hadi eneo lote limefunikwa na nyuzi zilizolala sambamba kama mianzi ya kitanda. Kisha unalaza nyuzi nyingine juu yake, zikikatisha, kila baada ya milimita chache. Halafu hizo za pili unazibana chini kwa vishono vidogo vidogo. Geuza kitambaa utazame nyuma: karibu hakuna kitu, ni vidoa tu vya uzi. Sufu yote imebaki upande unaoonekana. Huo ni ujanja wa mtu anayejua bei ya sufu.

Ukijaza eneo lile lile kwa vishono vidogo vya kofia, mambo matatu yanaharibika. Sufu inakwenda nyuma ambako hakuna anayeiona. Kitani kinavutwa na kukunjamana. Na mwanga unabadilika, hili ndilo watu hawalioni mpaka wafanye wenyewe. Nyuzi ndefu zilizolala upande mmoja hushika mwanga kwa pamoja. Mdarizi wa kale akigeuza mwelekeo wa nyuzi kwenye paja au kwenye shingo, rangi ni ile ile lakini inaonekana kama imezama kidogo au kuinuka. Wewe kwa ufundi wako mkubwa umemfanya farasi awe zulia.

Mwombe kiongozi wenu akupe nyuso. Nyuso na mikono ya watu katika kitambaa hiki hazijazwi, kitani kinaachwa kitupu na kinachochora ni mstari peke yake, kwa ule mshono unaorudi nyuma kidogo kila hatua hadi ukawa kama kamba iliyosokotwa. Maandishi nayo ni hivyo hivyo. Pale kishono kimoja ndicho kope ya jicho, kikipinda kidogo mtu aliyekuwa akihuzunika anaanza kucheka. Wenzako waliozoea sufu nene watahangaika. Wewe hutahangaika.

Umeuliza kuhusu mashine. Ndiyo, ingemaliza, na kama kinachohitajika ni picha hata mashine haihitajiki, kwa kuwa kitambaa kizima kimepigwa picha sentimita kwa sentimita na kinatazamwa mtandaoni. Kilichopungua ni kujua namna kazi ilivyokwenda, na hilo huwezi kulipata kwa kukigusa kile cha asili. Mwaka 2020 watunzaji walikikagua wakahesabu madoa 24,204, mahali 9,646 palipotoboka au kupungukiwa nyuzi, na michaniko 30 ambayo bado haijadhibitiwa. Kitu cha namna hiyo hukitii kwenye fremu ukaanza kujaribu jinsi mkono unavyopita. Mara chache watu wamebahatika hata kuona mgongo wake. Ilipofunguliwa bitana mwaka 1982 na 1983 ndipo wataalamu walipoona vizuri jinsi nyuzi zinavyopita nyuma, na jinsi rangi za nyuma zilivyobaki kali kuliko za mbele ambazo zimeona mwanga.

Kinachobaki ni kukaa chini na kushona. Maswali yanayojibiwa kwa njia hiyo ni ya aina ambayo profesa hawezi kuyawaza akiwa mezani. Ukanda una kimo cha nusu mita: je, watu wawili wanaweza kukaa wakiangaliana, mmoja juu mmoja chini, bila kugongana sindano? Aliyekaa upande wa juu anashonaje herufi anazoziona zimepinduka? Uzi wa urefu gani unamaliza kazi kabla haujachakaa kwa kupita kwenye kitani? Wanawake 35 wa Leek walimaliza kwa mwaka mmoja na kidogo, wakiwa na nyumba na watoto wa kuangalia. Gawanya, utapata kama mita mbili kwa kila mmoja. Hesabu hiyo peke yake inapunguza ile dhana ya kwamba kitambaa cha Bayeux lazima kilikula umri wa mtu mzima. Nayo hekaya iliyopendwa sana Ufaransa, kwamba Malkia Matilda, mke wa William, alikidarizi na wajakazi wake akimsubiri mume, wataalamu hawaiamini tena.

Na kuna kosa moja ndani ya kitambaa ambalo nalipenda kuliko mengine yote, ukienda kazini lichunguze. Ukanda umeungwa kutoka vipande tisa vya kitani. Viwili vya mwanzo ni virefu, karibu mita 14 kila kimoja, vinavyofuata ni vifupi zaidi. Pale kipande cha kwanza kinapokutana na cha pili, mstari wa pindo la juu haulingani, umeruka kama ngazi iliyokosewa. Maungio yanayofuata yamefanywa kwa uangalifu kiasi kwamba usipoonyeshwa huyaoni. Unaelewa kilichotokea? Vipande vilidariziwa mbalimbali, huenda na makundi tofauti, vikaja kuunganishwa, na mtu akaona aibu. Tangu hapo wakabadili utaratibu. Ule mruko umedumu miaka zaidi ya 900, na ndani yake unasikia kabisa ukumbi uliojaa watu wakitupiana lawama. Kikundi chenu kikifika hapo, na Alhamisi moja mtu akapendekeza mnyooshe mstari, nakuomba uwe wewe wa kwanza kukataa.

Rangi niseme kwa ufupi, kwani sidhani mnatia wenyewe. Za asili zimetoka kwenye mimea mitatu. Nyekundu ni mizizi ya mmea ambao Wafaransa huuita *garance*. Manjano ni ya mmea mwembamba unaoota hata kando ya barabara. Bluu ni nili, ila si ile ya Bara Hindi waliyoijua wazee wetu wa pwani. Ni ya majani ya mmea wa jamii ya kabichi, japo kinachotia rangi ndani yake ni kile kile. Nyekundu na manjano zinahitaji shabu kwanza ili zing'ang'anie sufu. Nili haitaki shabu, sufu inatoka chunguni na ukijani wa manjano, ikikutana na hewa inageuka bluu mbele ya macho yako. Zile kijani zote unazoziona ni nili na manjano zimepandana. Kama kikundi chenu kinanunua sufu ya dukani iliyotiwa rangi za kiwandani, hakuna dhambi, mradi muandike hivyo wazi.

Kuandika wazi ndiko ninakotaka kukazia, kwa sababu mbele yenu kuna swali gumu kuliko miguu ya farasi. Kunakili, lakini kunakili kitambaa cha siku gani? Kilichoko leo kimetengenezwa na kuzibwa mara nyingi, hasa karne ya 19. Kila mtoto wa Uingereza anajua Harold alikufa kwa mshale wa jicho, kwa kuwa kitambaa kinaonyesha mtu ameshika mshale usoni. Lakini mchoro wa Antoine Benoît wa mwaka 1729 unaonyesha pale mstari mtupu, bila manyoya ya mshale, kitu ambacho kinaweza kabisa kuwa mkuki. Charles Stothard alipochora kati ya 1816 na 1818, manyoya yapo. Stothard alikuwa mtu makini, alikuwa akifuata hata matundu ya sindano pale nyuzi zilipopotea, lakini kufuata matundu nako ni kukisia. Kando ya kichwa cha mtu wa pili, yule anayeanguka chini ya panga, yamebaki matundu matupu yaliyopangana, kana kwamba hapo pia paliwahi kuwa na mshale. Mtadarizi manyoya? Mtajaza matundu?

Mimi ningenakili kilichopo leo, mshale na manyoya yake, na matundu ningeyaacha matupu. Kisha ningeweka daftari mezani na kuandika kila tulipoamua jambo, tarehe na sababu. Wapo wanaopenda kurudisha kitambaa kama kilivyokuwa siku ya kwanza, na siwadharau, ila siku ya kwanza hiyo hakuna aliyeiona. Kuna na njia ya tatu, ya kubuni bila kujificha. Kitambaa cha asili kimekatika mwishoni, Waingereza wakikimbia, na kilichofuata kimepotea. Kisiwani Alderney, mwaka 2012 na 2013, watu zaidi ya 400 walishona pamoja mwisho mpya wa mita tatu hivi, hadi William akavishwa taji siku ya Krismasi 1066. Hawakudai wamenakili. Walisema tunamalizia, na Bayeux wenyewe wakaukaribisha na kuuonyesha. Kilichonifurahisha ni kwamba wengi wao hawakuwa wamewahi kushika sindano.

Limebaki la majina. Waliodarizi kitambaa cha Bayeux hatumjui hata mmoja. Tunajua wadarizi wengine wachache wa zama hizo kwa sababu tu mali zao ziliingia kwenye daftari la kodi la William la mwaka 1086. Mmoja ni Leofgyth wa Wiltshire, aliyekuwa akimtengenezea mfalme na malkia nakshi za dhahabu. Mwingine ni msichana Ælfgyth, ambaye afisa mmoja wa mfalme alimpa shamba ili amfundishe binti yake kudarizi kwa dhahabu. Shamba, mwanangu, si nauli ya basi. Ufundi huo ulikuwa na thamani, na bado majina tunayo kwa bahati ya kodi tu. Ndani ya kitambaa chenyewe, kati ya watu zaidi ya 600, wanawake kwenye picha kuu ni watatu.

Wanawake wa Leek waliamua vingine. Kila mmoja alidarizi jina lake chini ya sehemu aliyoifanya, na bado majina hayo yanasomeka Reading. Fanyeni hivyo. Yawekeni nje ya pindo la chini, pasipoingia ndani ya picha, kwa mshono ule ule wa maandishi. Jina lako lishone wewe mwenyewe, na hapo tumia mishono yako midogo kama ulivyofundishwa Lamu, hakuna atakayekuambia ufumue.

Ukifumua ile miguu, kata kwa mkasi vile vishono vidogo vya kubana kwanza, ndipo uondoe nyuzi ndefu kwa kidole. Usivute kutoka nyuma, utakitoboa kitani.